Kufutwa Jeshini kwa Madai ya Dawa za Kulevya: Jinsi ya Kuomba Uamuzi Uangaliwe Upya

Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza zoezi la kuwasajili makurutu, viwanja vya kaunti ndogo za Migori na Homa Bay hujaa vijana tangu alfajiri. Anayechaguliwa husindikizwa kwa nyimbo, na jina lake hutajwa kanisani na sokoni. Lakini askari huyohuyo akirudi nyumbani miaka michache baadaye, akiwa amefutwa kwa madai ya kuvuta bangi, hakuna anayemsindikiza. Familia hufunga mlango, na jambo lenyewe husemwa kwa kunong'ona.

Aibu hiyo ina gharama. Wakati familia imenyamaza, siku ambazo sheria imetoa za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya zinaendelea kuhesabika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Somo hili linaeleza askari hufutwa kwa njia zipi, ana haki gani, kipimo cha mkojo kinaonyesha nini na hakionyeshi nini, na hatua za kuchukua kabla muda haujaisha.

KWA NINI KAUNTI INALIZUNGUMZA JAMBO HILI

Ulinzi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Hakuna gavana, waziri wa kaunti wala mwakilishi wa wadi aliye na mamlaka ya kumrudisha askari kambini, na mwananchi anayeahidiwa hivyo anadanganywa.

Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya, pamoja na sehemu kubwa ya huduma za afya. Barabara inayotoka mpakani Isebania imekuwa ikitumiwa kusafirisha bangi, na polisi wameikamata humo mara nyingi. Tena askari anapofutwa, harudi Nairobi wala kambini. Anarudi Kehancha, Awendo, Ndhiwa, Oyugis au Mbita, kwa wazazi, mke na watoto waliokuwa wakitegemea mshahara wake. Kwa hiyo jambo lililoanzia kambini humalizikia kijijini.

KWANZA, IJULIKANE ALIONDOLEWA KWA NJIA GANI

Watu wengi husema tu kwamba fulani "amefutwa jeshini." Sheria haijui neno moja hilo. Chini ya Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya 2012, askari anayehusishwa na dawa za kulevya anaweza kujikuta katika mojawapo ya njia 3, na kila njia ina mlango wake wa kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Njia ya kwanza ni mahakama ya kijeshi. Hii ni mahakama kamili, na Kifungu cha 169 cha Katiba kinaitaja miongoni mwa mahakama za chini. Huongozwa na mwanasheria mwenye uzoefu anayeitwa jaji mshauri, akikaa pamoja na maafisa wa jeshi: wasiopungua 5 mshtakiwa akiwa afisa, na wasiopungua 3 akiwa askari wa cheo cha chini. Mahakama hiyo inaweza kumfunga mshtakiwa, kumfukuza jeshini, au yote mawili. Aliyepatikana na hatia hukata rufaa katika Mahakama Kuu, kama raia anavyokata rufaa dhidi ya hukumu ya hakimu.

Njia ya pili ni kesi fupi mbele ya afisa mkuu wa kikosi. Hapa makosa madogo ya nidhamu husikizwa kambini bila mahakama. Adhabu yenyewe inaweza kuwa ndogo, lakini kumbukumbu yake hubaki kwenye faili. Kumbukumbu hiyo inaweza kutolewa baadaye kama sababu ya kumwondoa askari. Ndiyo maana askari hapaswi kukubali kosa ambalo hakulitenda eti kwa kuwa adhabu ni nyepesi.

Njia ya tatu ni kuachishwa kwa uamuzi wa utawala. Hakuna kesi wala hukumu. Kuna barua inayosema kwamba huduma za askari huyo hazihitajiki tena, au kwamba mwenendo wake hauridhishi. Hii ndiyo njia inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu neno "bangi" huenda lisionekane popote kwenye barua, ingawa kila mtu kambini anajua ndiyo sababu. Mlango wake ni malalamiko ya ndani ya jeshi, yanayoanzia kwa afisa anayemwongoza askari na kupanda ngazi kuelekea Baraza la Ulinzi, kisha mahakama.

Chukua mfano wa kubuni. Askari 2 wanatoka kaunti hizi mbili. Wa Kuria Magharibi amehukumiwa na mahakama ya kijeshi baada ya kukutwa na misokoto ya bangi. Wa Suba Kaskazini amepewa barua ya kuachishwa baada ya kipimo cha mkojo. Wote wanasimulia kwamba "walifutwa kwa bangi." Wa kwanza akiandikia wakubwa wake barua za malalamiko badala ya kukata rufaa, siku za rufaa zitampita. Wa pili akikimbilia Mahakama Kuu kukata rufaa, ataulizwa ni hukumu ipi anayoipinga, naye hana hukumu. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili huwa ni hili: barua inasemaje?

HAKI AMBAZO SARE HAIZIONDOI

Ni kweli kwamba askari hana haki zote alizo nazo raia. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio jeshini na katika polisi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Kwa msingi huo kupimwa mkojo au kupekuliwa kitanda kambini si kosa kwa wenyewe. Vilevile Sheria ya Ajira ya 2007 haiwahusu wanajeshi, hivyo askari hawezi kuitegemea kama anavyoitegemea mwalimu wa shule ya binafsi au mfanyakazi wa kiwanda cha sukari.

Lakini orodha hiyo ina mwisho. Kifungu cha 47, kinachompa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa busara na wenye utaratibu wa haki, hakimo ndani yake. Kifungu hicho pia kinasema kwamba anayeathiriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na haki ya kesi yenye usawa, iliyo katika Kifungu cha 50, inalindwa na Kifungu cha 25, kinachosema haiwezi kupunguzwa kwa namna yoyote.

Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 imefafanua maana ya haki hiyo. Kabla ya uamuzi unaomuumiza, mtu anapaswa kujulishwa mapema tuhuma na sababu zake, kupewa nafasi ya kujieleza, kuonyeshwa ushahidi utakaotumiwa, na kuelezwa haki yake ya kuomba mapitio. Jeshi linaweza kuwa na utaratibu wake, mradi utaratibu huo usivunje Kifungu cha 47. Tena sheria hiyo ina makali ya kipekee: mwenye mamlaka akiombwa sababu akakataa kuzitoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka athibitishe vinginevyo.

KIPIMO CHA MKOJO KINASEMA NINI

Katika kesi nyingi za aina hii, ushahidi mkuu ni kipimo. Familia nyingi huamini kwamba mashine ikishasema, maneno yameisha. Si hivyo kila mara.

Kipimo cha kwanza, kile cha haraka kinachotumia kijiti au kikombe, ni cha kuchuja tu. Huangalia kama mkojo una kitu kinachofanana na mabaki ya dawa fulani. Kwa kuwa kinatafuta mfanano, kinaweza kukosea. Mfano unaojulikana sana kitabibu ni efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI iliyotumiwa kwa miaka mingi nchini. Dawa hiyo imewahi kusababisha baadhi ya vipimo vya haraka kuonyesha bangi kwa mtu ambaye hajaivuta. Na aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana ana dawa za jamii ya afyuni, kwa sababu kodeini yenyewe ni ya jamii hiyo.

Kipimo cha pili, cha kuthibitisha, hufanywa katika maabara kwa mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua. Hicho ndicho kinachoweza kutofautisha efavirenz na bangi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni rahisi: je, matokeo ya haraka yalithibitishwa maabara, au uamuzi ulifanywa kwa kijiti peke yake?

Swali la pili linahusu safari ya sampuli. Nani aliichukua? Chupa ilifungwa na kuandikwa jina au namba mbele ya askari mwenyewe? Ilikaa wapi, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika maabara? Kama hakuna anayeweza kueleza safari hiyo, ni vigumu kusema kwa uhakika kwamba mkojo uliopimwa ni wa askari huyo.

Swali la tatu ni la wakati. Mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mtu aliyeivuta kwa wingi na kwa muda mrefu yanaweza kuonekana hata baada ya wiki kadhaa. Kipimo cha mkojo huonyesha kwamba dawa iliingia mwilini. Hakionyeshi kwamba askari alikuwa amelewa akiwa zamu. Kama tuhuma ni ya kulewa kazini, ushahidi mwingine unahitajika.

Maswali haya si njia za ujanja. Askari aliyetumia dawa kweli, akapimwa vizuri na kusikizwa kwa haki, hatapata kitu kwa kuyauliza. Yapo kwa ajili ya yule ambaye hakutumia, na kwa ajili ya yule aliyehukumiwa kabla ya kusikizwa.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, askari asitoroke kambi. Baadhi huogopa matokeo ya kipimo na kuondoka usiku. Kutoroka ni kosa jingine kubwa la kijeshi, na ni rahisi kulithibitisha kuliko la bangi. Aliyekuwa na utetezi mzuri huupoteza akifika stendi ya basi.

Pili, akusanye karatasi. Barua ya kuachishwa, cheti cha utumishi, hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi kama ilikuwepo, matokeo ya kipimo, na kadi za hospitali zinazoonyesha dawa alizokuwa akitumia wakati huo. Nakala ziwekwe mahali pawili. Sare na vifaa vya kijeshi virudishwe na stakabadhi ichukuliwe, kwa kuwa raia haruhusiwi kubaki navyo bila idhini.

Tatu, aandike kile anachokikumbuka mapema iwezekanavyo: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo na maneno yaliyosemwa. Kumbukumbu ya wiki ya kwanza ina uzito kuliko ya mwaka wa tatu.

Nne, aombe sababu na nyaraka kwa maandishi. Mbali na sheria ya 2015, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21. Habari za usalama wa taifa zinaweza kunyimwa, lakini matokeo ya kipimo cha mtu mwenyewe hayafanani na ramani ya kambi. Ombi likikataliwa, Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, inaweza kuombwa iupitie uamuzi huo. Tume hiyo ina ofisi Kisumu.

Tano, atumie mlango wa ndani kwanza. Mahakama kwa kawaida hutaka kuona kwamba mlalamishi alitumia njia za mapitio zilizopo, isipokuwa kuwe na sababu ya pekee. Barua ya malalamiko iwe fupi, itaje uamuzi unaopingwa, kosa lililofanyika katika utaratibu, na kinachoombwa. Matusi na siasa havina nafasi humo. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Sita, amwone wakili mapema. Mahakama Kuu ina vituo Migori na Homa Bay, na Mahakama ya Ajira na Leba inapatikana Kisumu. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

MUDA HAUSUBIRI

Rufaa dhidi ya hukumu ya mahakama ya kijeshi ina muda mfupi unaohesabiwa kwa siku tangu hukumu. Ombi la kawaida la kuitaka Mahakama Kuu ifute uamuzi wa kiutawala lina kikomo cha miezi 6. Kesi ya kudai haki za kikatiba haina kikomo kilichoandikwa, lakini jaji atauliza ni kwa nini mlalamishi alichelewa, na jibu la "nilikuwa naona haya" halitoshi.

Historia ya Kenya ina funzo hapa, ingawa halikuwa jambo la dawa za kulevya. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga lilivunjwa na wanajeshi wengi wakafungwa au kufukuzwa. Kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 4 mwaka wa 1983. Mwaka wa 2014 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba haki zake zilikiukwa na kuagiza alipwe fidia. Haki ilifika, lakini ilichukua zaidi ya miaka 30, na kuchelewa kwake kulikuwa na maelezo: kwa sehemu kubwa ya muda huo mahakama hazikuwa mahali pa kupeleka malalamiko kama hayo. Anayefutwa leo, chini ya Katiba ya 2010, hana maelezo hayo.

KINACHOWEZA KUPATIKANA

Ni vyema familia itarajie kilicho halisi. Mahakama huheshimu nidhamu ya jeshi na si rahisi kuamuru askari arudishwe kambini. Kinachopatikana zaidi ni uamuzi kufutwa kwa sababu utaratibu haukufuatwa, jambo kusikizwa upya, mafao yaliyozuiwa kulipwa, au fidia. Mapitio yanaweza pia kurekebisha sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, na hilo si dogo. Kwa kijana wa miaka 27 anayetafuta kazi ya ulinzi au udereva, tofauti kati ya "aliachishwa" na "alifukuzwa kwa dawa za kulevya" inaweza kuwa tofauti ya kupata riziki na kuikosa.

Aliyetumia dawa kweli pia ana la kusema. Anaweza kueleza miaka yake ya utumishi, rekodi yake safi ya awali, na hatua alizochukua kupata matibabu, akiomba adhabu ilingane na kosa.

WALIO KATIKA JESHI LA MAREKANI

Baadhi ya familia za eneo hili zina watoto waliojiunga na jeshi la Marekani. Mpango wa MAVNI, uliotangazwa mwaka wa 2008 na kusitishwa mwaka wa 2016, uliwapokea wahamiaji wanaojua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Huko utaratibu ni tofauti. Kila tawi la jeshi lina bodi ya kupitia upya namna askari alivyoachishwa; ombi huandikwa kwa fomu ya DD 293 ndani ya miaka 15. Bodi hiyo haipitii uamuzi uliotokana na hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Kuna bodi nyingine ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, ambayo fomu yake ni DD 149 na muda wake wa kawaida ni miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, ingawa inaweza kuusamehe ucheleweshaji.

Aliyepata uraia wa Marekani kupitia utumishi wa jeshi ana sababu zaidi ya kutonyamaza. Akiachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wenye heshima, uraia huo unaweza kufutwa.

NYUMBANI

Aliyerudi hahitaji kesi pekee. Kama dawa zimekuwa tatizo, simu ya bure ya NACADA, 1192, hujibiwa saa 24, na hospitali za kaunti zinaweza kumwelekeza kwa washauri. Kutafuta matibabu si kukiri kosa.

Familia zijihadhari pia na matapeli wanaodai wana "mtu wao" makao makuu ya jeshi, atakayemrudisha kijana kwa malipo. Hakuna ada ya kumrudisha askari kazini. Ng'ombe aliyeuzwa kumlipa dalali wa aina hiyo harudi zizini, na miezi iliyopotea kumsubiri hairudi pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA AU KIKUNDI

1. Askari amepewa barua isiyotaja dawa za kulevya, lakini alipimwa mkojo wiki 2 kabla. Ombi lake la kwanza liwe lipi, na alipeleke kwa nani?

2. Kwa nini kipimo cha haraka peke yake hakitoshi kumaliza jambo?

3. Ni tofauti gani iliyopo kati ya rufaa dhidi ya mahakama ya kijeshi na malalamiko dhidi ya uamuzi wa utawala?

4. Kijiji kinaweza kufanya nini ili familia ya aliyefutwa isijifiche mpaka muda wake upite?